Tumefungwa, Si Wamefungwa

Somo la kusoma nyumbani na kujadili katika vikundi



Jumapili ya Pentekoste ya mwaka 2023 iliangukia tarehe 28 Mei. Asubuhi tulisali pamoja, tukapeana mikono ya amani, kisha kila mtu akarudi kwake. Jioni ya siku hiyo hiyo Yanga walikuwa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakicheza mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria. Mpira ulipokwisha Yanga walikuwa wamefungwa mabao 2 kwa 1. Hapa kwetu Nyasura watu walitoka katika vibanda vya kuonyeshea mpira bila hata kuagana. Watu wale wale walioshikana mikono asubuhi walipita njia moja kila mtu na lake, na wengine walikuwa wamekwisha kutukanana.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mpenzi wa Yanga tangu ujana wake, alikuwa ameketi nje ya nyumba yake na redio yake miguuni. Kijana wa jirani akapita.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, mpira umekwishaje?"

"Tumefungwa."

Hakuongeza neno. Kesho yake tulikuwa dukani, tukamkuta mpenzi mwingine wa Yanga. Huyu kwa wiki nzima alikuwa amevaa jezi ya kijani na njano, akimwambia kila mtu, "Safari hii kombe tunalibeba." Alipoulizwa habari za mpira alijibu upesi, "Wamefungwa hao. Mimi nilijua tangu mwanzo."

Tofauti ya majibu hayo mawili ni silabi moja tu. Mmoja alisema "tu", mwingine akasema "wa". Somo letu la leo limo katika silabi hiyo. Tunataka kujiuliza: timu tunayoipenda inaposhindwa, huzuni ile tuipeleke wapi? Na je, namna tunavyoichukua hasara ya mpira inatufundisha nini juu ya namna tunavyochukua hasara nyingine za maisha?

1. Je, ni haki kuhuzunika kwa ajili ya mpira?

Wako ndugu watakaosema kwamba jambo hili ni la kipuuzi. Watasema, watu ishirini na wawili wanafukuza mpira mmoja, wewe uko mbali nao, hupati hata senti, huzuni ya nini? Maneno hayo yana ukweli wake, lakini hayamsaidii mwenye huzuni. Mtu hahuzuniki kwa kupenda. Huhuzunika kwa sababu alikwisha kupenda kabla.

Tena mpira kwetu haujawa mchezo mtupu. Kwa wengi wetu timu ni urithi. Mtoto huikuta nyumbani kama anavyoikuta lugha ya mama yake. Wako waliopewa timu na baba zao wakiwa wamekaa karibu na redio, wakisikiliza mtangazaji akitaja majina ya wachezaji ambao hawakupata kuwaona kwa macho. Baba amekwisha kufariki, redio imekwisha kuharibika, lakini timu imebaki. Mtu wa namna hiyo timu yake inapofungwa, haumizwi na mabao peke yake. Yako mambo mengi yamefungamana hapo.

Basi tusianze kwa kumcheka mwenye huzuni. Huzuni yenyewe si kosa. Swali ni inakwenda wapi.

2. Kwa nini kushindwa kwingine kunauma zaidi?

Si kila kushindwa kunauma sawasawa. Timu dhaifu ikifungwa na timu kubwa ugenini, watu husikitika kidogo, wakalala. Kunakouma ni kule kushindwa kunakokuja wakati mikono imekwisha kunyooshwa kupokea zawadi.

Wenye umri wanakumbuka mwaka 1993. Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Mchezo wa kwanza ulichezwa Abidjan, nchini Ivory Coast, na Simba walitoka sare ya 0 kwa 0 na Stella. Kurudi nyumbani na sare kutoka ugenini kulionekana kama kazi imekwisha nusu. Mioyoni mwa watu kombe lilikuwa limekwisha kufika Dar es Salaam. Mwezi Novemba yakachezwa marudiano, nyumbani, mbele ya umati wa watu wao wenyewe, na Stella wakashinda mabao 2 kwa 0.

Tuitazame hesabu yake, kwa maana inafundisha. Sare ya 0 kwa 0 ugenini ni zawadi yenye mtego. Kwa kanuni ya bao la ugenini, mgeni akipata bao moja tu, mwenyeji hawezi kuokolewa na sare ya mabao. Ni lazima ashinde. Kwa hiyo timu iliyodhani imesimama mahali salama, kwa kweli ilisimama kwenye ukingo. Watu waliona usalama mahali ambapo palikuwa na nafasi tu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyowaumiza Yanga miaka 30 baadaye. Tarehe 3 Juni 2023 walikwenda Algiers na wakashinda 1 kwa 0, ugenini. Jumla ya mabao ikawa 2 kwa 2. Lakini USM Alger walikuwa wamefunga mabao mawili Dar es Salaam, na Yanga moja tu Algiers, kwa hiyo kombe likabaki Algeria. Yanga walishinda mchezo wa mwisho wa fainali, wakarudi bila kombe. Yule mzee wetu alipoulizwa tena alijibu, "Tumeshinda, lakini tumekosa." Angalieni, silabi yake haikubadilika.

Huzuni ya namna hii ndiyo iliyo nzito, kwa kuwa mtu anaomboleza kitu ambacho hakupata kuwa nacho, ila alikwisha kukizoea. Mkulima anaijua. Mtu akipanda mbegu ikakosa kuota, husikitika. Lakini pamba ikiwa imekwisha kupasuka, naye amekwisha kupiga hesabu ya mabati na karo, kisha mvua ikaja ikaiharibu shambani, huyo huumia mara mbili. Hupoteza pamba, na hupoteza nyumba aliyokwisha kuijenga kichwani.

3. Tunaposhinda ni "sisi", tunaposhindwa ni "wao"

Turudi kwenye silabi yetu. Jambo tuliloliona dukani si la Nyasura peke yake. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja wa elimu ya nafsi huko Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vyenye timu za mpira wa Kimarekani. Waliona kwamba timu ya chuo ikishinda siku ya mchezo, Jumatatu wanafunzi wengi zaidi huja darasani wamevaa nguo zenye jina la chuo chao. Tena walipowapigia wanafunzi simu na kuwauliza matokeo ya michezo, wanafunzi walisema "tulishinda" mara nyingi zaidi kuliko walivyosema "tulishindwa". Timu ikishindwa, ghafla ikawa ni "wao".

Tusiwahukumu wanafunzi wale, kwa maana tunajifahamu. Mtoto akifaulu, baba husema, "Mwanangu amefaulu." Akifeli, humwambia mama yake, "Mwanao amefeli." Kikundi cha kina mama kikipata faida, kila mtu ni mwanzilishi. Kikipata hasara, hajulikani hata aliyeitisha mkutano wa kwanza. Nasi katika parishi, paa likikamilika tunasema "tumejenga", na fedha zikipungua tunasema "kamati imeshindwa".

Kiswahili chetu kina neno zuri hapa. Kufungwa ni kuingizwa bao, na kufungwa pia ni kutiwa kamba. Mtu anayesema "tumefungwa" anakubali kwamba ile kamba imemshika na yeye. Anayesema "wamefungwa" anajikwepesha na kamba, anawaacha wenzake ndani yake. Hapo hapo, pasipo kujua, ameikata na furaha ya kesho. Maana siku timu itakaposhinda atarudi na jezi yake, lakini moyoni atajua kwamba hakuwapo usiku wa kiza.

4. Hatari ya kumtafuta mtu wa kulaumiwa

Anayekataa kuubeba msiba mwenyewe hutafuta mtu wa kumtwika. Hapo ndipo mpira unapoacha kuwa mchezo. Mlinda mlango aliyedondosha mpira, mwamuzi, kocha, mchezaji aliyekosa penalti, wote hugeuka mbuzi wa kubebeshwa makosa ya watu wote.

Mfano mchungu ni wa Moacir Barbosa, mlinda mlango wa Brazil. Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Brazil walihitaji sare tu na Uruguay ili watwae Kombe la Dunia. Wakatangulia kufunga. Uruguay wakasawazisha, kisha wakafunga la pili, na mchezo ukaisha 2 kwa 1. Taifa zima likamtazama Barbosa. Aliishi karibu miaka 50 baada ya siku ile, akafariki mwaka 2000, na lawama ile haikumwacha mpaka uzee wake. Wachezaji kumi wengine walikuwapo uwanjani, na watu wengi walikuwa wamekwisha kusherehekea kabla ya mchezo. Lakini ilikuwa rahisi kumtwika mtu mmoja.

Mfano wa pili unatoka katika mchezo ambao kwetu hauchezwi sana, besiboli ya Marekani, yaani mchezo wa kupiga mpira mdogo kwa gongo. Timu ya Chicago Cubs ilikuwa haijapata ubingwa tangu mwaka 1908. Mwezi Oktoba 2003 walikaribia kuingia fainali. Walikuwa wanaongoza kwa pointi 3 kwa 0, katika zamu ya nane kati ya tisa, dhidi ya timu kutoka Florida. Mpira ukapigwa juu ukaelekea ukingoni mwa jukwaa. Watazamaji wakanyoosha mikono, kama mtu yeyote angefanya, na mmoja wao akaugusa, mchezaji wa Cubs akakosa kuudaka. Baada ya hapo Cubs walivurugika. Mchezaji wao mmoja akashindwa kuudhibiti mpira uliokuwa wa kawaida, na wapinzani wakapata pointi nane katika zamu ile moja. Kesho yake Cubs wakashindwa tena, wakatoka.

Uwanja mzima uliujua uso wa yule mtazamaji. Walimtupia vinywaji na matusi, mpaka walinzi wakamtoa nje kwa usalama wake. Naye alikuwa mpenzi wa Cubs kama wao. Alikuwa anaumia kama wao, ila yeye aliumia mara mbili. Mkono wake haukuzipata zile pointi nane, wala haukucheza mchezo wa kesho yake.

Lakini habari ile haikuishia hapo. Mwaka 2016 Cubs walipata ubingwa, baada ya miaka 108. Na mwaka 2017 klabu ikampa mtu yule pete ya ubingwa, sawa na zile wanazopewa wachezaji. Kwa kitendo hicho walikuwa wanamwambia, wewe ni mmoja wetu. Walimrudisha ndani ya "sisi". Hata hivyo miaka 14 ni mingi kwa mtu kuishi akijificha kwa kosa la kunyoosha mkono.

Ndugu, tujiulize. Katika nyumba zetu yuko nani tuliyempa lawama ya hasara ya wote? Labda ni ndugu aliyeshauri shamba liuzwe. Labda ni dada aliyekuwa zamu siku mgonjwa alipozidiwa. Je, pete yake ipo?

5. Mkeka unapochanika

Liko jambo jingine ambalo wazee wetu hawakulijua, nalo limeongeza uchungu wa kushindwa. Siku hizi wengi hawaendi kuutazama mpira wakiwa na upendo peke yake. Wanakwenda na mkeka, yaani orodha ya michezo waliyoiwekea fedha katika kamari. Timu ikifungwa, mkeka umechanika, na hapo kijana hakasiriki kwa sababu ya timu. Anakasirika kwa sababu ya nauli, ya unga, au ya fedha aliyoazima.

Tuseme wazi kwamba huzuni hizi mbili si moja, ingawa zinatoka katika kibanda kimoja saa moja. Huzuni ya upendo hutulia, tena huwaunganisha watu. Hasira ya fedha iliyopotea haitulii, kwa sababu inamsukuma mtu aweke tena ili airudishe, na akikosa huipeleka nyumbani. Mke anaulizwa chumvi imezidi kwa nini, mtoto anapigwa kwa kosa la kikombe. Yule mke hakumwacha mshambuliaji wa pinzani apite, wala mtoto hakukosa penalti.

Ukiona unarudi nyumbani kutoka mpirani na nyumba inanyamaza unapoingia, fahamu kwamba jambo limekwisha kuvuka mpaka. Heri usimame nje kidogo, utembee hata mpaka barabara kuu na kurudi, uingie ukiwa umepoa. Na kama fedha imepotea, iseme. Fedha iliyofichwa hudai mara mbili.

6. Mtani ni mtu wa msibani

Tusiwasahau walioshinda, au wale ambao timu yao haikucheza siku ile lakini wakafurahi kuliko waliocheza. Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Ni jina zuri, lakini tumelisahau maana yake.

Katika mila za makabila mengi ya nchi yetu, mtani ana ruhusa ya kukucheka. Anaweza kuja msibani akafanya vichekesho mpaka waliofiwa wakacheka. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kaburini, ndiye anayepika, ndiye anayekaa na wafiwa watu wengine wakiisha kuondoka. Kicheko chake kinaruhusiwa kwa sababu mkono wake uko kazini. Kumcheka mtu bila kumsaidia kubeba si utani. Ni dharau iliyoazima jina la utani.

Basi mpenzi wa Simba amtanie mpenzi wa Yanga, na mpenzi wa Yanga naye asikasirike upesi, maana zamu yake itafika. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga waliwafunga Simba 5 kwa 1, na mwaka 2012 Simba walikuwa wamewafunga Yanga 5 kwa 0. Hakuna upande usio na deni. Lakini kesho yake asubuhi mtani amgongee mwenzake mlango amwambie, "Pole, jirani." Neno hilo halipunguzi bao hata moja, ila linarudisha jirani.

Tunao mfano katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya kwanza. Sauli alimwinda Daudi kwa miaka ili amwue. Israeli waliposhindwa vitani katika mlima Gilboa, Sauli na Yonathani wakafa, Daudi alikuwa na sababu zote za kusema, "Wameshindwa hao." Hakusema hivyo. Aliomboleza mpaka jioni, akatunga wimbo wa maombolezo, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe. Katika wimbo ule hakuhesabu makosa ya Sauli hata moja, wala hakutaka habari ile iwe kicheko katika miji ya Wafilisti. Akaihesabu hasara ya Sauli kuwa hasara yake. Kisha akiisha kuomboleza aliinuka akaenda Hebroni, kazi ikaendelea. Aliipa huzuni wakati wake na maneno yake, kwa hiyo haikuhitaji kutafuta mtu wa kumrarua.

7. Habari ya kwetu Mara

Tumesema mengi ya mbali. Sasa tuje nyumbani, mahali panapotugusa zaidi.

Mwaka 2018 Biashara United ya Musoma ilipanda Ligi Kuu. Mkoa wetu ukapata timu ya kutajwa redioni pamoja na wakubwa. Katika msimu wa 2020/21 ilishika nafasi ya nne, ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Ikaitoa FC Dikhil ya Djibouti. Mwezi Oktoba 2021, Dar es Salaam, ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2 kwa 0. Nani kati yetu hakusema "tumewafunga Walibya"? Hata wale ambao hawajapata kukanyaga Uwanja wa Karume pale Musoma walisema.

Kisha yakaja marudiano. Timu haikufika Libya, safari haikutimia, na ikatolewa mashindanoni. Ilikuwa mbele kwa mabao mawili, na haikufungwa na Al Ahli. Na mwisho wa msimu huo huo wa 2021/22 ikashuka daraja.

Huzuni hii ni ya namna yake. Aliyefungwa uwanjani anaweza kusema, mwenzetu alikuwa bora. Aliyeshindwa kufika hana la kusema. Hatutaki katika somo hili kuwahukumu waliohusika. Tunataka kutazama silabi zetu wenyewe. Siku ya 2 kwa 0 Mara nzima ilikuwa "sisi". Siku ya kushuka daraja, "sisi" walikuwa wangapi? Timu ya mkoa haisafiri kwa shangwe. Husafiri kwa nauli, kwa viingilio vya siku ya mvua, kwa watu wanaouliza habari zake hata ikiwa imecheza na timu isiyojulikana. Ni rahisi kwetu kumlilia mchezaji wa Dar es Salaam tusiyemjua, tukaiacha ya nyumbani ianguke bila kilio.

8. Kubaki

Tumalize na habari ya mwaka 1979, maana wako wanaodhani kwamba kubaki na walioshindwa ni kupoteza wakati. Katika mashindano ya Klabu Bingwa Afrika, Simba walicheza na Mufulira Wanderers ya Zambia. Mchezo wa kwanza ulikuwa Dar es Salaam, na Simba walifungwa mabao 4 kwa 0, nyumbani kwao. Ni nani angewalaumu watu kwa kukata tamaa? Marudiano yakachezwa Lusaka, na Simba wakashinda 5 kwa 0, wakasonga mbele kwa mabao 5 kwa 4.

Walakini tusiyageuze haya kuwa ahadi. Raundi iliyofuata Simba walitolewa na Racca Rovers ya Nigeria. Mara nyingi nne bila hubaki nne bila. Hatubaki na walioshindwa kwa sababu lazima watashinda kesho. Tunabaki kwa sababu tulisema "sisi", na neno hilo halikuwa na tarehe ya mwisho. Kijana aliyejifunza kusema "tumefungwa" bila kumtukana mtu, siku ya mavuno mabaya ataweza kusema "tumekosa", na siku ya msiba ataweza kusema "tumefiwa", na wenzake watajua kwamba yupo.

Tarehe 3 Juni usiku, yule kijana alipita tena kwa mzee. Yeye ni mpenzi wa Simba. Wiki iliyopita alikuwa ametania sana kijiweni. Usiku ule aliamkia, akavuta kigoda, akaketi. Mzee akazima redio. Wakazungumza juu ya mbuzi wa mzee aliyekuwa mgonjwa, na asubuhi kijana akaenda kumtafutia dawa.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Mara ya mwisho timu yako iliposhindwa, ulisema "tume-" au "wame-"? Na katika mambo ya nyumbani kwako je?

2. Yuko mtu katika familia, mtaa au parishi ambaye tumemtwika lawama ya hasara ya wengi? Ni tendo gani dogo linaloweza kumrudisha ndani ya "sisi"?

3. Tutofautishe huzuni ya upendo na hasira ya kamari. Vijana wetu tunawasaidiaje bila kuwafukuza?

4. Utani wetu unafika msibani, au unaishia kijiweni?

5. Ni jambo gani la hapa Nyasura, si la Dar es Salaam, linaloanguka polepole kwa sababu tumeliita "lao"?

Kabla kikundi hakijaachana, kila mmoja amtaje mtu mmoja atakayemwambia "pole" wiki hii. Mkikutana tena, msianze somo jipya kabla ya kuulizana kama neno hilo limefika.